Eda ya Mke wa Sonara

Matrah, Maskati
9 Novemba 1964

Shemeji yangu Thani,

Anuani yako nimeipata kwa mtu aliyeteremka hapa juzi kutoka Mombasa. Alisema yuko Mzanzibari mmoja kule, sonara, mrefu, anaimba akifanya kazi wala hajui kuimba. Nikajua ni wewe.

Mimi nipo, na ami yangu Bakhit yupo. Tulifika mwezi wa Aprili. Tunakaa Matrah, vyumba viwili nyuma ya soko, na mlima uko karibu na dirisha hata nikinyoosha mkono nadhani n'taugusa. Mchana jua likishaupiga, ukuta unatoa moto mpaka magharibi. Ami ana jamaa zake hapa, wamempa kazi ya kupokea tende. Mimi nashona kofia. Kiarabu changu wanakicheka, lakini kofia zangu wanazinunua.

Nnataka kukwambia jambo lililotokea siku ya kuteremka. Melini tulisikia kwamba hapa hawawataki watu wenye mambo ya siasa, na familia iliyokuwa mbele yetu ilirudishwa. Zamu yetu ilipofika, mkubwa wa forodhani aliuliza huyu mwanamke mumewe yuko wapi. Ami Bakhit aliogopa. Akaapa kwa jina la Mungu kwamba mume wangu ni sonara tu, mzima wa afya, amesafiri kununua fedha, na atatufuata kwa meli inayokuja. Wakatupisha.

Basi tangu siku ile mimi ni mke wa mtu aliye njiani. Jirani yetu Nasriya kila siku ya soko huniuliza kama meli imeleta mtu. Juzi alinambia, "Huyo sonara wako amekwenda kununua fedha au amekwenda kuichimba?" Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka.

Wewe ulikuwa Mombasa wakati ule, hukuona. Harub hakusafiri. Watu wenye bunduki walimtoa dukani kule Unguja mbele ya macho yangu, mwezi ule wa Januari walipokufa watu wengi, wa kila upande na wasio na upande. Kiatu chake kimoja kilibaki mlangoni. Zaidi ya hapo sijui kitu.

Kama unajua, niambie. Kama ni mauti, niambie ni mauti, nivue hizi kanga za maua nikae eda yangu ndani, kama mwanamke aliyefiwa. Hilo tu ndilo nnalolitaka.

Shemeji yako,
Masouda


Mombasa
20 Januari 1965

Shemeji Masouda,

Nani kakwambia sijui kuimba? Mwambie huyo mtu wako aje tena, n'tamwimbia mpaka alipe nauli aondoke.

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Nilidhani nyote mmepotea. Nnafanya kazi kwa sonara mmoja Mhindi, mzee mpole, ananiacha nitie nakshi kwa mtindo wa kwetu. Kila nikishika tindo naisikia sauti ya kaka nyuma yangu: taratibu, fedha si ukuni.

Uliloniuliza sina jawabu lake. Kila chombo kinachotoka Unguja nakwenda gatini, nauliza. Mmoja kasema Harub yuko jela. Mwingine kasema kahamishiwa kisiwa kingine. Hakuna aliyenambia kwamba kamwona amekufa, hata mmoja. Kwa hiyo mimi nnasema yuko hai, na wewe sema hivyo hivyo.

Na tafadhali, shemeji, lile ulilolijua wewe na mimi, kazi aliyowafanyia watu wa uhuru, usiliandike kokote. Barua zinapita mikono mingi. Wao waliomkamata huenda wanamjua kwa usonara wa vikuku na pete tu, na ndivyo ninavyotaka waendelee kumjua.

Nakuletea kanga jozi moja. Ni za maua, usinikasirikie. Vaa.

Thani


Matrah
2 Oktoba 1966

Shemeji Thani,

Kanga zilifika mwaka jana, na barua zako mbili za mwaka huu nazo zimefika. Nimefanya ulivyosema. Sisemi kitu kwa mtu.

Wiki iliyopita kulikuwa na harusi Darsait, kwa jamaa wa Ami. Sikutaka kwenda. Ami alinambia nisipokwenda watauliza, na wakiuliza yeye atakuwa kaapa uwongo. Nikaenda. Nasriya alinishika mikono akanipaka hina, mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akasema mumeo akija usiku huu asikukute mkavu. Hakuwa na ubaya, yeye ndivyo alivyo. Nikakaa na ile mikono nimeinyoosha mbele, siwezi kufuta machozi kwa sababu hina ilikuwa mbichi. Nasriya akaniona, akachukua ncha ya shela yake akanifuta yeye. Tangu siku hiyo haniulizi habari za meli.

Nnakumbuka vitu vidogo tu. Harub alikuwa akinywa chai akiiacha kwanza ipoe juu ya fuawe aliyogongea fedha, mpaka ikawa na ladha ya chuma. Alikuwa akiwatambua wateja kwa miguu yao. Anasema leo amekuja yule mwenye kidole kilichopanda kingine. Jina hakumbuki. Kama unakumbuka chochote, niandikie hata kama ni upuuzi. Hapa sina mtu wa kukumbuka naye. Ami Bakhit nikimtaja Harub huondoka chumbani.

Masouda


Matrah
17 Machi 1968

Shemeji Thani,

Barua hii utaikasirikia. Nakuomba uisome mpaka mwisho kwanza.

Siku hizi nashona mashuka katika hospitali ya Wamarekani. Yuko bibi mmoja pale, mke wa daktari, Kiarabu chake ni kibovu kuliko changu, ndiyo maana tunaelewana. Aliona kikuku changu, akakigeuza, akauliza nani kakitia nakshi. Nikasema mume wangu. Akanambia kwamba kwao Marekani, zamani walipokuwa chini ya Waingereza, alikuwako fundi wa fedha aliyewasumbua sana. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mabirika na vijiko, na kwa mikono ile ile akichora picha za kuwaamsha watu, na akichukua khabari za wenzake mji hadi mji. Usiku mmoja alipanda farasi kuwaambia watu kwamba askari wanakuja. Mpaka leo watoto wa shule wanamsoma. Nikamwuliza, na mkewe usiku ule alikuwa wapi? Bibi akafikiri, akasema hajui.

Nikarudi nyumbani moyo umenijaa. Sonara wa watu ana watoto wa nchi nzima wa kumtaja. Wangu mimi namficha kama kwamba alikuwa mwizi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa kadhi. Nilimweleza kila kitu ila ile kazi uliyonikataza kuitaja, na Ami Bakhit alikuwapo. Kadhi akasema mambo haya yana njia mbili. Mtu aliyepotea katika fitina, watu wakiuana, mkewe hungoja miaka minne, kisha kadhi humhukumu kuwa amekufa, na mke hukaa eda. Miaka yangu minne imekwisha. Lakini mtu aliyesafiri salama na hakurudi, huyo ni ghaibu, na mkewe humngoja hata akizeeka. Akamgeukia Ami, akamwambia, "Wewe uliapa kwamba alisafiri salama." Ami akainamisha kichwa.

Neno langu mimi halitoshi kwa kuwa jambo ni langu. Kadhi anataka shahidi anayejua kwamba Harub alikuwa Unguja siku zile, na kwamba ilikuwako sababu ya kumkamata. Aliniuliza hivi: "Sonara anatafutiwa nini na watu wenye bunduki?" Nikaaga nikaondoka, kwa kuwa uliniziba mdomo.

Basi nalisema hapa. Mwaka ule Waingereza walipopiga marufuku mikutano, Harub alikuwa akichukua mitali ya fedha ya kuvaa miguuni, ile minene yenye uwazi ndani, akaifungua, akatoa vijiwe vinavyoifanya ilie, akaingiza karatasi yenye mahali na saa ya mkutano. Kuiziba kwa moto hakuweza, karatasi ingeungua. Aliziba kwa nta iliyochanganywa na unga wa fedha. Mimi nikaivaa nikatoka. Nilitembea upande wa kivuli, nta isiyeyuke. Polisi alinisalimu, na hakujiuliza kwa nini mwanamke anapita na mitali miguuni na hailii. Na beji za shaba za chama cha kudai uhuru, zote alizifua yeye. Siku bendera ya Waingereza iliposhushwa alisimama nyuma kabisa ya watu, akanambia hakuna haja ya kusogea, kila kifua kilichoko mbele kina kazi ya mkono wake. Mwezi mmoja baadaye serikali ikapinduliwa, na beji zile zikawa ndiyo hatia.

Nenda kwa kadhi wa Mombasa, Thani. Ushuhudie haya, kadhi wako amwandikie wa kwangu. Niruhusu nimlilie ndugu yako.

Masouda


Mombasa
6 Mei 1968

Masouda,

Barua yako nimeichoma katika moto wa kazini. Yule mzee Mhindi aliniuliza nachoma nini, nikasema bei za zamani.

Nilikuomba jambo moja tu, miaka mitatu. Umeliandika lote, na bahasha ilifika imefunguliwa pembeni. Labda ni joto, labda ni mtu.

Unataka nisimame mbele ya kadhi niseme kaka alifua beji na kupeleka karatasi. Yataandikwa, yatapigwa muhuri, yatapita posta mbili. Kama yuko ndani ya jela, na kila siku anawaambia mimi ni sonara tu, na wao wameanza kumwamini, basi mimi mdogo wake nitakuwa nimewaletea jawabu kwa mkono wangu. Wewe unakuita huko kushuhudia. Mimi nakuona ni kumkabidhi.

Na nimesikia khabari za Ghanim. Mombasa si mbali kama unavyodhani. Nimeambiwa ni mjane, ana nyumba yake na shamba la mitende, na Ami yako amekubali. Kama unataka kuolewa, sema unataka kuolewa, umri wako unaruhusu na sitakulaumu. Lakini usimwue kaka yangu ili upate njia.

Thani


Matrah
11 Julai 1968

Thani,

Ghanim aliniposa kweli. Ami alikubali, mimi nikakataa, na ilikuwa kabla sijakwenda kwa kadhi. Aliyekuletea khabari alikuletea nusu. Ghanim hakunikasirikia. Kila Ijumaa anatuletea kikapu cha ndimu, anakiacha mlangoni.

Sikutaka njia ya kuolewa. Nilitaka nikae chumbani nimevaa nguo zisizo na rangi, na mtu akipita akiuliza nna nini, aambiwe amefiwa na mumewe.

Wewe unamngoja, na mimi nilimwona akitolewa. Tunampenda mtu mmoja na hatuwezi hata kulia pamoja. Sitakuomba tena.

Masouda


Mombasa
24 Februari 1970

Shemeji yangu Masouda,

Sijakuandikia muda mrefu, na wewe hukuniandikia. Kila nilipokaa niandike niliona lile neno la Ghanim limekaa mbele yangu. Lifute kama unaweza. Lilikuwa neno la mtu mwenye hofu.

Sasa keti chini, na mwite Ami Bakhit akae karibu.

Wiki mbili zilizopita alikuja dukani mtu mwembamba, mvi kichwa kizima, akasimama akinitazama nikifua pete. Nikadhani mteja. Akasema, "Unashika nyundo kama nduguyo." Ni Majid, aliyekuwa mwashi kule Malindi ya Unguja. Labda unamkumbuka, ndiye aliyetujengea jiko la duka. Amefunguliwa mwaka jana. Walikuwa chumba kimoja, yeye na Harub.

Harub amekufa, shemeji. Hakufika mwisho wa mwezi ule ule wa Januari. Alikuwa na jeraha la ubavuni toka siku waliyomkamata, likaingia homa. Majid alimshika kichwa, na Majid ndiye aliyemwosha kwa maji ya kunywa waliyoyaacha wenzake, akamsalia pamoja nao. Kaburi halijui. Walikuja kumchukua.

Nilimwuliza kama walijua kazi yake. Kasema walijua toka siku ya kwanza. Walikuwa na beji mkononi, walitaka majina ya waliozivaa. Kaka akawaambia, "Mimi ni sonara. Naangalia mikono na miguu ya watu, nyuso siziangalii." Waliuliza tena na tena, na jawabu lilikuwa lile lile, mpaka hata wao wakacheka. Hakutaja mtu. Majid mwenyewe ni mmoja wa waliozivaa beji zile.

Miaka yote nimeficha kitu walichokwishakijua. Nilikuwa nakiwekea ulinzi hapa Mombasa, na mwenyewe yuko ardhini.

Jana nimekwenda kwa kadhi, mimi na Majid. Majid ameshuhudia kifo. Mimi nimeshuhudia maisha. Nilianza na mitali, vile vijiwe, nta na unga wa fedha, na kwamba aliyekuwa akiivaa ni mkewe. Karani aliinua kalamu akaniuliza kama hayo ya mitali yana haja katika ushahidi wa mauti. Nikamwambia yana haja. Kadhi akamwambia andika. Nikasema beji, nikasema herufi za risasi za kupigia chapa alizoyeyusha zisikamatwe, siku mashine ya gazeti ilipochukuliwa, hizo hata wewe sidhani alikwambia. Nilisema kwa sauti, na mlango ulikuwa wazi.

Karatasi imetumwa kwa kadhi wa Matrah. Sasa kaa eda yako, shemeji, hakuna wa kukuzuia. Sisi wanaume hatuna eda. Nimefunga kazi siku tatu, na yule mzee Mhindi amekuja kukaa na mimi mkekani, amevua viatu kama sisi.

Ndugu yako,
Thani


Matrah
19 Mei 1970

Ndugu yangu Thani,

Barua yako nilisomewa na Ami Bakhit kwa sauti, nilimpa yeye kwa kuwa macho yangu yalisimama kwenye jina la Majid. Alipofika kwenye maji ya kunywa alishindwa, nikamalizia mimi. Jiko alilojenga Majid nalikumbuka, lilikuwa likitoa moshi upande mmoja na Harub hakutaka alirekebishe, anasema atamvunja moyo.

Nilifanya matayarisho. Nilinunua kitambaa cheupe kisicho na pambo nikashona nguo mbili. Nilihamisha kitanda kukiweka mbali na dirisha. Kanga zako nilizikunja nikampa Nasriya aniwekee. Nilimweleza kila kitu, toka dukani mpaka forodhani, akanambia atakuwa akinichotea maji na kuninunulia samaki mpaka miezi yangu minne na siku kumi iishe, nisitoke hata mara moja. Usiku ule nililala vizuri, Thani. Ni aibu kusema, lakini nililala kama mtu aliyefika.

Ilibaki kwenda kwa kadhi tu, anisomee karatasi. Tukaenda mimi na Ami. Kadhi aliusoma ushahidi wako wote. Pale kwenye mitali alisimama, akanitazama miguu, akaendelea. Alipomaliza alimrehemu Harub. Alimwambia Ami kiapo chake kina kafara, afunge siku tatu, na Ami akasema atafunga zaidi.

Kisha kadhi akanambia, "Eda yako ilikwisha zamani, binti yangu. Eda huhesabiwa toka siku mume alipokufa, mke akijua asijue. Uko huru tangu mwaka ule."

Nikamwambia, "Sikuja kuomba uhuru."

Alinihurumia, niliona. Akasema kauli anayoifuata ndiyo hiyo na hawezi kunibadilishia. Laiti mwaka ule angenihukumia kwa njia ya aliyepotea katika fitina, ningekaa toka siku ya hukumu. Lakini sasa mauti yamethibiti, na tarehe yake inajulikana. Hakuna cha kukalia.

Basi nilikaa eda yangu, na sikuijua. Nimejaribu kuikumbuka. Ilianzia kule kwetu, watu wanakimbia, ikawa melini, ikaishia hapa wiki zile za mwanzo nilipokuwa nikijifunza bei ya samaki kwa Kiarabu. Iko siku katika zile nilicheka sana, Ami aliteleza sokoni akakaa juu ya kapu la papa mkavu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mume wangu alikuwa amekufa, nami nilikuwa ndani ya eda yake.

Usidhani nakulaumu. Ungeandika mwaka ule nilipokuomba, ningepata eda nisijue nani alimshika kichwa. Sasa nnajua aliyemshika kichwa. Sijui lipi kubwa. Nnadhani ningechagua hili, lakini nisingependa kuulizwa.

Wanawake walikuja siku moja, wakaleta kahawa na halua. Nasriya alikaa na mimi mpaka alasiri, hakufanya mzaha hata mmoja, na kwake yeye hilo ni jambo kubwa. Akaondoka akaniachia kanga zangu mlangoni, zimefuliwa. Kesho yake nilizivaa nikaenda kushona mashuka. Sheria inaniruhusu, na nguo nyeupe watu wangeniuliza. Yule bibi wa Kimarekani amekwisharudi kwao, ningependa kumwambia.

Ami amezeeka ghafla. Hapa nitakaa, Thani, nitakwenda wapi. Mlima nimeuzoea.

Nnakuomba kitu kidogo, si cha kadhi. Ukimaliza sala na ukimrehemu kaka yako, nitaje na mimi kwa jina langu. Nikumbuke.

Masouda